Mbwa Wote Niliowaita Simba

Kitaji, Musoma
Jumamosi alasiri

Mwanangu Nyanjura,

Ulimpeleka mbwa wetu Mtachoka kwenye chanjo. Maneno haya sijawahi kumwambia mtu yeyote, si bibi yako, si mama yako, wala padri nilipokwenda kuungama. Ulimpeleka, ulimshika kichwa kwa mikono miwili, akachomwa sindano mbele ya macho yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Naandika upesi kwa sababu wewe na mama yako mmekwenda sokoni kumalizia vitu vya shule, na sijui mtarudi saa ngapi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Bunda kuanza Form One, na nikikuacha uende bila kujua jambo hili, sitakuwa na uso wa kuja kukutembelea.

Utacheka ukiona nimekuita mwanangu. Nina miaka kumi na tisa, bado navaa sketi ya shule, na watu wasiotujua wakituona tunatoka kanisani wanadhani mimi ni dada yako. Lakini mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Mama yako alipokwenda Buhemba kuwapikia wachimbaji wa dhahabu alikuacha ukiwa na meno mawili, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni nikitoka darasa la kwanza. Neno la kwanza ulilolisema vizuri lilikuwa jina langu. Kwa hiyo nina haki ya kukuandikia hivi, hata kama haki hiyo nimeitumia vibaya.

Habari za neti na sabuni na kutoazimana nguo nazipita. Bibi yako amezisema tangu Jumatatu. Mimi nitakueleza kosa langu kama lilivyotokea, kwa sababu wewe umelibeba karibu miaka miwili ukidhani ni lako.

Unakumbuka kile kipindi nilipomaliza Form Four, nikawa nangoja kupangiwa shule ya Form Five. Bibi yako alichoka kuniona nimelala na kitabu kifuani kila siku, akaniombea kazi kwa Daktari Mafuru kwenye kliniki yake ya wanyama. Daktari alitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Nilifurahi sana, maana kuandika hakuhitaji kuzungumza na watu.

Kulikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi. Kila mbwa na kila paka aliyeletwa aliandikwa humo: jina, rangi, dume au jike, mtaa, uzito, anasumbuliwa na nini, amepewa dawa gani, arudi lini. Mwanzoni niliona ni kazi ya kujaza karatasi tu. Halafu mwisho wa mwezi nikamwona Daktari amekaa na lile daftari, anasoma mbele, anarudi nyuma kurasa kumi, anaweka kidole hapa na kidole kule.

"Hebu njoo, Nyangeta," akaniambia. "Huyu Januari alikuwa na kilo kumi na nane. Februari kumi na sita. Leo ana kumi na nne. Mwenyewe anasema anakula vizuri tu. Nimwamini nani?"

"Mizani," nikasema.

"Mizani peke yake ya leo isingeniambia kitu. Ningeona mbwa mwembamba, basi. Hizi kilo tatu zikikaa pamoja ndiyo zinasema." Akafunua ukurasa mwingine. "Mbwa hasemagi inauma tangu lini, na mwenyewe keshasahau. Mimi nauliza humu."

Kuanzia siku hiyo nililipenda lile daftari. Nilikuwa narudi nyumbani nakueleza habari za wagonjwa, nawe ulikuwa unauliza, "Yule paka wa kikohozi amerudi?" Mtu mwingine hakuwahi kuniuliza.

Kulikuwa na jambo moja gumu. Watu hawakutaka kuandikwa majina yao. Walisema siku mbwa aking'ata mtu, daftari litakuja kuwaita. Daktari alibishana nao mwisho akachoka, akasema tuandike jina la mbwa na mtaa, itatosha. Na kwa mitaa yetu ilitosha kweli, kwa sababu unajua jinsi watu wa hapa wanavyowapa mbwa majina. Jina la mbwa ni maneno uliyoshindwa kumwambia jirani usoni. Mtaa mzima watu walipokuwa wanasema nyumba yetu haitapata bati, bibi yako alileta mbwa kutoka kwao Butiama akamwita Mtachoka. Mwezi haukuisha, Mama Bwire wa ng'ambo ya ua akapata mbwa wake akamwita Hatuchoki. Jioni mmoja anaita wake aje ale, na mwingine anaita wake akalale, na wao wenyewe wanaazimana chumvi kama kawaida. Majina kama hayo hayafanani. Mtu akisema Mtachoka wa Kitaji, ni mbwa mmoja tu duniani.

Sasa siku ile ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tuliweka meza kiwanjani, foleni ikafika barabarani. Daktari alikuwa anachoma, mimi naandika. Alinipa agizo moja: nikishaandika jina, nilisome kwa sauti ili aliyemleta mbwa akubali kwamba ni sahihi.

Mbwa wa kwanza aliletwa na kijana mmoja. Nikamuuliza jina.

"Mamamkwe Mchoyo," akasema.

Nyuma yake watu wanne walikuwa wameshaanza kucheka. Mamamkwe mwenyewe alikuwa kwenye foleni, ameshika mbwa wake. Niliangalia kalamu. Nilitakiwa kulisoma jina lile kwa sauti mbele ya yule mama, na yeye ananifahamu, huwa ananipa salamu za kumpelekea bibi yako. Niliona aibu. Nikaandika Simba, nikasoma polepole, "Simba."

Yule kijana akainua mabega. "Andika unavyotaka dada, mradi achomwe."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Aliyefuata mbwa wake aliitwa Wanafiki Wangu, nikaandika Simba. Wa yule mamamkwe aliitwa Nimewasamehe, nikaandika Simba. Wale wenye majina ya kawaida, Popi na Tomi na Jeki, niliwaandika kama walivyo. Wale wenye maneno ya kumsema mtu wote wakawa Simba, na sehemu kubwa ya mbwa wa kwetu ni wa rangi ya kahawia.

Ulifika wewe karibu saa sita, umemfunga Mtachoka kwa mtandio wako wa zamani. Nilikuona kutoka mbali nikaanza kuomba Mungu Mama Bwire asiwe karibu. Alikuwa karibu. Alikuwa watu wawili nyuma yako.

"Jina la mbwa?" nikakuuliza, kana kwamba silijui.

"Mtachoka," ukasema, kwa ile sauti yako ya kwaya.

"Eti nani atachoka?" Mama Bwire akauliza kutoka nyuma.

"Muulize bibi, mimi nimeleta mbwa tu," ukamjibu.

Watu walicheka mpaka Daktari akaacha kuchoma. Hata Mama Bwire alicheka. Ningeweza kuandika jina lile na kulisoma, na lisingemuumiza mtu yeyote. Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana, na kila mara naona jinsi ilivyokuwa nyepesi. Nikaandika: Simba, kahawia, dume, Kitaji, amechanjwa. Nikakusomea kwa sauti ndogo, na wewe hukusikia, ulikuwa unamfuta Mtachoka mate. Kadi za chanjo zilikuwa zimeisha asubuhi, kwa hiyo hukupewa karatasi. Daktari aliwaambia watu wote, "Msiwe na wasiwasi, mmo kwenye daftari."

Baada ya kama miezi miwili Bwire aling'atwa. Alikuwa na miaka sita, akaona Mtachoka anatafuna kichwa cha sangara, akakivuta. Mbwa akamng'ata mara moja kwenye shavu la mguu. Mama yake alimwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamkimbiza hospitali akaanza sindano. Kwa upande wa Bwire kila kitu kilifanyika vizuri, na alipona, namshukuru Mungu.

Jioni ile ile wanaume walijaa uani kwetu. Mmoja alikuwa na rungu. Siwalaumu, kila mtu hapa ameshasikia habari ya mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, na hakuna anayetaka kuisikia mara ya pili. Daktari Mafuru alikuja na lile daftari kwapani.

"Kama amechanjwa," akawaambia, "mnanipa siku kumi. Nitamfunga kwangu, nitamtazama kila siku. Akibaki mzima, hana ugonjwa."

"Na kama hakuchanjwa?" akauliza mwenye rungu.

"Hata hivyo ningependa kumtazama."

"Hapana, Daktari. Kama hakuchanjwa, hatulali na kitu hicho hapa."

Daktari akafungua ukurasa wa Kitaji. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi yako. Nilimwona akishusha kidole, akisimama, akishusha tena.

"Simba, kahawia, dume. Simba, kahawia, dume. Simba." Alinitazama. "Nyangeta, hawa ni mbwa tisa au ni mbwa mmoja ameandikwa mara tisa?"

Wewe ukajibu kabla yangu. "Wa kwetu sio Simba, Daktari. Ni Mtachoka. Nilimpeleka mimi, mamdogo akaandika." Ukanigeukia. "Mamdogo, si uliandika?"

Watu wote wakanitazama. Karibu watu ishirini. Nilikuwa na jibu mdomoni, lilikuwa fupi: niliandika Simba kwa sababu ya aibu, mmoja wa hawa tisa ni yeye. Ningelisema, Daktari angepata siku zake kumi. Lakini ningelazimika kueleza kwamba siku nzima niliharibu daftari lake, daftari nililokuwa nalisifia, na kwamba wale mbwa wanane wengine nao hawajulikani. Nilisogea mezani, nikaangalia ukurasa kama mtu anayetafuta, nikasema, "Hapa hakuna Mtachoka."

Na ilikuwa kweli. Jina hilo halikuwepo. Nimesoma vitabu vingi, mwanangu, na sijakutana popote na uongo mchafu kuliko ile kweli yangu.

Bibi yako akakugeukia. "Kumbe ulikwenda kuchezea ziwani."

"Bibi, nilimpeleka."

"Nyamaza."

"Nilimshika kichwa mwenyewe, bibi. Mama Bwire aliniona."

Mama Bwire alikuwa ametoka hospitali wakati huo huo, mtoto amemlalia begani. Akasema, "Mimi siku ile niliona mbwa hamsini, sijui yupi wa kwako. Usinitumie kwenye uongo wako, mtoto." Alikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu hakumbuki kicheko cha miezi miwili iliyopita.

Walimchukua Mtachoka. Uliyoyaona uliyaona, sitayaandika.

Kilichonisumbua zaidi ni yaliyofuata, maana hayo niliyaona siku kwa siku. Watoto wa Mama Bwire walianza kukuita Chanjo ya Hewa. Ukisema mwalimu amewasifu, wanakuuliza, "Kweli, au ni chanjo ya hewa?" Wewe hukupigana nao. Ulianza kurudi na ushahidi. Ukitumwa kwa shangazi, ulikuwa unarudi na jani la mlimao wake. Ukitoka kwaya, ulimwomba mwalimu aandike sahihi kwenye daftari lako. Bibi yako alidhani umekuwa na nidhamu. Mimi nilijua unafanya nini, na nilikuwa nakusaidia kupanga yale majani kwenye kopo.

Halafu mwaka jana, mkikaribia mtihani wa darasa la saba, tulikuwa tunafua, ukaniambia bila kuinua kichwa, "Mamdogo, labda kweli sikumpeleka. Labda niliota."

Nilikuambia, "Suuza hilo shati." Ndilo jibu nililokupa.

Nisikilize hapa. Hukuota. Ulikumbuka vizuri wewe peke yako kati ya watu ishirini, na mimi nilikuacha mpaka ukaanza kuitilia shaka akili yako mwenyewe. Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilijua kabisa ninachofanya.

Nilijaribu kulipa kwa njia ya pembeni. Likizo ya kwanza ya Form Five nilirudi kliniki nikamwambia Daktari nataka kusahihisha ukurasa wa Kitaji, kwamba majina hayakukaa vizuri. Nilizunguka mlango kwa mlango wiki mbili. Ilinibidi kusimama getini na kuuliza, "Hodi, hapa ndipo kwa Wanafiki Wangu?" Mimi, ambaye darasani nainua mkono mara moja kwa muhula. Mamamkwe alicheka akanikaribisha uji. Hakuna aliyekasirika. Nilipata majina yote manane, nikayaandika juu ya kila Simba.

Na daftari likaanza kusema tena. Wale mbwa walipoletwa kutibiwa waliendelea kuandikwa Simba kama kwenye ukurasa wangu, na Daktari alikuwa ameona vidonda vya shingo vya Simba wa Kitaji vinavyorudi kila mwezi, akidhani ni mbwa mmoja asiyepona, akawa anambadilishia dawa. Kwa majina ya kweli alikuta ni mbwa wanne wa njia moja, wote wanafungwa kwa kamba za nyavu, zile nyembamba zinazokata ngozi. Hawakuhitaji dawa kali. Alikwenda kwenye zile nyumba na vipande vya mpira wa tairi, akawaonyesha wenyewe jinsi ya kuwatengenezea mikanda mipana. Mwezi uliofuata hapakuandikwa kidonda hata kimoja.

"Umefanya kazi kubwa," akaniambia. "Hao wanne wasingepona kwa dawa zangu."

Nilisema asante. Mstari wa tisa niliuacha vilevile, Simba. Nilijiambia kwamba mbwa aliyekufa hahitaji kumbukumbu. Lakini aliyeihitaji ulikuwa wewe, na ulikuwa hai, unalala kitanda cha pili kutoka changu. Nilisahihisha kila mahali ambapo kusahihisha hakukunigharimu kitu.

Sina somo la kukupa juu ya hili. Najua tu jinsi lilivyokua. Lilianza na neno moja nililoona aibu kulitamka, na siku ile ile lingefutwa kwa kifutio. Jioni ya wale wanaume lilihitaji sentensi moja. Leo limehitaji kurasa hizi zote, na bado sijui kama zinatosha. Huko uendako utakutana na watu watakaokuambia hukufanya ulichofanya. Sijui utawajibu nini. Ila naomba usianze kwa kudhani kwamba wao wanakumbuka kuliko wewe.

Kama hutaki kunijibu, usinijibu. Kama hutaki nije siku ya kutembelea wanafunzi, nitamwambia bibi yako kwamba nina mitihani. Hapana, nimeandika tena uongo. Nitamwambia umekataa, na kwamba una sababu.

Niliacha kuandika hapo. Nimetoka na sasa nimerudi, nakuandikia nilichokifanya.

Nilikwenda jikoni. Bibi yako alikuwa anachambua dagaa. Nikamwambia, "Mama, Nyanjura alimpeleka mbwa. Mimi niliandika jina jingine, na siku ile nilinyamaza." Akaacha kuchambua.

"Tangu siku ile unajua?"

"Tangu siku ile."

"Na mimi nikamwambia anyamaze." Akafunga kanga, akaenda kwenye ua, akamwita Mama Bwire. Mama Bwire akaja anafuta mikono.

"Mwambie na yeye," bibi yako akasema.

Nikamwambia. Nilisema yote. Mama Bwire akaacha kufuta mikono.

"Aliniambia nilimwona," akasema. "Sasa nakumbuka. Aliniambia nimuulize bibi yake." Akakaa kwenye ngazi. "Wewe msichana. Mimi nilimwita mwongo mbele ya wanangu." Akawaita wote watatu, Bwire na dada zake, akaniambia niwaeleze na wao. Nikawaeleza. Yule mkubwa aliangalia chini. Bwire akauliza kama Mtachoka alikuwa hana ugonjwa. Nikamwambia hatukupata siku za kumtazama, kwa sababu yangu.

Kisha nikampigia Daktari Mafuru. Nikamweleza yote. Akasema Jumatatu nifike kliniki, niandike mwenyewe ule mstari wa tisa na chini yake nieleze kilichotokea, nitie sahihi. Nimekubali.

Bibi yako ameniona nashika tena kalamu. "Barua ya nini, na mtu mnalala chumba kimoja?"

"Kwa mdomo nitapunguza, mama."

"Basi umpe, akisoma uwe umekaa hapo hapo mbele yake. Usikimbie."

Nimeikunja mara mbili. Nimekaa langoni nakusubiri.

Mama yako mdogo,
Nyangeta